Shamba la Milimita 32

Kitako ni kile kisahani cha plastiki, mbao au kadibodi ambacho kisanamu cha askari hubandikwa juu yake ili kisianguke katika michezo ya vita ya mezani, yaani michezo ambayo wachezaji husogeza majeshi madogo kwa kupima na rula na kuamua nani afe kwa kurusha dadu. Mchezo huu una ukoo wa heshima, kwa kuwa mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliuandikia kitabu cha kanuni, *Little Wars*, mwaka wa 1913, ingawa heshima hiyo haijawasaidia sana watu wazima wanaokutwa na jamaa zao wakimpaka rangi askari mwenye urefu wa milimita 28. Upambaji wa vitako, ambao ni kazi ya kutandaza udongo, mawe na nyasi juu ya duara lenye kipenyo cha milimita 25 au 32, ndio hasa huwafanya jamaa hao wanyamaze na kutazamana.

Mpambaji anayeishi Pap Onditi, huku Nyakach, nchini Kenya karibu na Ziwa Victoria, hana shida ya kutafuta vita vya kuigiza, maana tarehe 12 Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii, kusini mwa hapo. Udongo nao hana haja ya kuutafuta. Wenzake wa Ulaya huununua ukiwa umefungwa katika vikopo, habari ambayo ikisimuliwa Nyakach huchukuliwa kuwa uongo wa wazi, kwani hapa udongo mweusi humfuata mtu mpaka ndani ya nyumba akiwa hata hajauita.

Shida huanza pale udongo huo unapokutana na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Udongo mweusi una chembe laini zinazonyonya maji na kuvimba, kisha hunywea ukikauka na kupasuka, tabia ambayo wajenzi wa barabara na nyumba wanaijua vizuri na kuichukia, na ambayo haupotezi hata ukipunguzwa kuwa kijiko kimoja. Kwa kuwa askari wa milimita 28 ni mtu aliyepunguzwa takriban mara 60, ufa wa milimita 2 kwenye kitako ni sawa na ufa wa sentimita 12 shambani, na lazima ikubaliwe kwamba kwa uhalisi hakuna kikopo cha Ulaya kinachoufikia. Ila una mazoea ya kupita katikati ya miguu ya ofisa, ukimwacha na buti moja kila upande wa bonde.

Mawe madogo huigizwa vizuri kwa punje za mtama, mpaka vitako vinapoanikwa uani. Kuku hana nadharia ya uigizaji. Hukitazama kikosi kwa jicho moja, akageuza kichwa akakitazama kwa jicho la pili, kisha akadonoa jiwe lililo karibu na bunduki kwa nguvu iliyozidi mahitaji, na kwa kuwa gundi bado ni mbichi, huondoka na punje, kitako na koplo kwa pamoja. Mzee anayepita njiani na kuona mtu mzima akimfukuza kuku ili kumnusuru koplo huuliza tu, kwa adabu, askari hao wanapigania shamba la nani.

Nyasi ndizo zisizo na matata, kwani nyuzi za katani zilizochambuliwa kutoka kamba kuukuu, zikikatwa milimita 5 na kupakwa rangi ya kiangazi, husimama vizuri kuliko zile za nailoni za dukani, mradi kazi imalizike asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma na kuipeleka mbuga yote chini ya kabati.

Wajuzi hushauri kwamba udongo uokwe kwanza ili kuua mbegu, kuvu na wadudu. Asiye na oveni huukaanga katika sufuria juu ya jiko la makaa, na swali la sufuria hiyo ni ya nani huzuka jioni, ugali unapotakiwa. Anayeliogopa swali hilo huuacha udongo mbichi, naye ndiye ambaye, mvua za masika zikianza, huona kitako kimoja kimechipua jani la kijani la sentimita 3, ambalo kwa kipimo cha mchezo ni mti unaomzidi askari kimo. Kanuni za michezo mingi humpa kinga askari aliyejificha nyuma ya mmea, kwa hiyo mmiliki hudai kinga, mpinzani hudai palizi, na mchezo husimama huku pande zote mbili zikipekua kitabu cha kanuni kutafuta iwapo mti unaruhusiwa kutembea pamoja na askari wake.