Barua ya Wazi kwa Maprofesa wa Ufagio

Kwa Mameneja wa Rasilimali Watu,
Kampuni za Uhandisi na Utengenezaji,
Eneo la Viwanda, Nakuru.

MINT: KUBORESHA MASOMO YA UFAGIO

Waheshimiwa,

Mimi ni shangazi wa msichana anayesomea stashahada ya uhandisi wa mitambo katika chuo kimoja hapa mjini. Juzi amemaliza miezi mitatu ya atachimenti kwa mmoja wenu. Simtaji, mkikutana kwenye vikao vyenu mtatambuana.

Kwanza hongereni kwa uangalifu. Kabla binti hajavuka geti mlimdai barua ya chuo, wasifu, bima ya ajali aliyojikatia mwenyewe, buti za kazi, ovaroli na kofia ngumu. Mama yake kule Molo akauza viazi alivyokuwa ameviweka vingoje bei ipande. Sikulaumu. Ufagio ni chombo cha hatari, na asiye na bima anaweza kujikwaa.

Naam, ufagio. Miezi mitatu amefagia vumbi la chuma chini ya mashine ya kukereza asiyoruhusiwa kuigusa, kwa kuwa, aliambiwa, ikiharibika spea zake hazipatikani humu nchini. Alipouliza maikromita husomwaje, alitumwa chapati za mafundi.

Jioni alijaza logibuku, na hapo ndipo mliponiacha hoi. Wiki ya 4: "Alihudumia pampu ya maji." Kweli, aliiosha. Wiki ya 7: "Alishiriki kupanga gia." Kweli pia, zilikuwa kwenye rafu, akazipangusa, akazipanga. Msimamizi akatia sahihi, mhuri ukagongwa. Mwalimu wa chuo alikuja mara moja, akakagua daftari wala si mikono, akanywa chai (iliyopikwa na nani, msiniulize), akaenda zake. Wote wamefaulu.

Kwa kuwa hii ndiyo kozi, nashauri ifundishwe kitaaluma. Pawe na ufagio wa nadharia na ufagio wa vitendo, na mwishoni cheti kinachotambulika kote Afrika Mashariki.

Najua mna nguvu ya kuchagua. Tangu Eveready ifunge kiwanda chake cha betri hapa Nakuru mwaka wa 2014, milango ya kubisha imepungua, na kijana akifunguliwa mmoja haulizi ndani kuna nini. Lakini ninyi hao hao, kwenye kila warsha ya hotelini, hulalamika kwamba vyuo vinawaletea vijana wasioiva. Mpishi aliyekataa kuwasha jiko ana haki kamili ya kushangaa wali mbichi.

Kinachonitatiza mimi, mwenye duka dogo Kaptembwa, ni hesabu. Mwajiri hutakiwa kuilipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na anayetoa mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kudai arudishiwe gharama. Somo mmeshalilipia, kisha mnamfungia mwanafunzi nje. Biashara ya namna hiyo ingenifilisi kabla ya Krismasi.

Likizo ilipofika, binti alikwenda kwa fundi wa jua kali. Fundi huyo hana geti, hana mhuri, hana meneja wa rasilimali watu. Siku ya kwanza alimpa miwani ya kuchomelea na kipande cha mlango wa chuma. Mshono ukapinda. Akamwambia aukate kwa grainda, aanze upya. Ukapinda tena, akaukata tena. Leo anachomelea milango ya watu kwa pesa. Ila saa hizo hazihesabiwi popote, kwani fundi hana mamlaka ya kutia sahihi logibuku. Aliyemfundisha hawezi kumtolea ushahidi. Aliyetoa ushahidi hakumfundisha.

Huko Olkaria mitambo ya mvuke inazalisha umeme tangu 1981. Mafundi wake watastaafu, na valvu zitabaki zikihitaji mtu wa kuzifungua na kuzirekebisha. Sidhani zitafunguka kwa ufagio.

Kundi lijalo linaripoti Mei. Mpeni kila mmoja mashine, hata ile kuukuu mliyoifunika turubai nyuma ya stoo, na fundi wa kumsimamia. Na kama hamtampa, basi msitie sahihi kazi ambayo hakuifanya.

Wenu mwaminifu,
Shangazi wa mwanafunzi,
Kaptembwa, Nakuru.