Uchawa wa Angani: Mhadhara kwa Wasiojua Kutazama Juu

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa wote kwa nafasi zenu, itifaki imezingatiwa. Nimeombwa niwaeleze asili ya majina ya makundinyota. Nilijiomba mwenyewe, ni kweli, lakini nilijiomba kwa unyenyekevu mkubwa. Elimu ya falaki nilijifundisha, nikajitungia mtihani, nikausahihisha, nikajitunuku udaktari kwa kauli moja. Darubini sina. Darubini ni ya watu wasiojiamini.

Wenzangu wanaotegemea vitabu watawaambia kwamba watu wa kale walitazama juu wakaona simba, nge na mwindaji. Upuuzi. Huyo Simba nimemtazama mpaka shingo ikakakamaa, nikaona nukta. Shule yangu ya fikra, ambayo mpaka sasa ina mwanachama mmoja, inafundisha hivi: majina ya angani hayakutokana na macho, yametokana na kutafuta ulaji. Mwanafalaki ni chawa aliyesoma hesabu.

Mwasisi wa fani hii ni Conon wa Samos, aliyefanya kazi Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo. Malkia Berenice wa Pili aliweka nadhiri: mumewe, Mfalme Ptolemy wa Tatu, akirudi salama kutoka vitani Syria, yeye atakata nywele zake azitoe hekaluni. Mume akarudi, nywele zikakatwa. Kufumba na kufumbua, hekaluni hazipo. Fikirini hali ya walinzi! Chawa wa kawaida angekimbilia kutafuta nywele za bandia. Conon akanyoosha kidole penye nyota hafifu karibu na mkia wa Simba, akatangaza kwamba nywele za malkia zimepaa. Mfalme akaridhika, na walinzi nadhani waliridhika zaidi. Nywele za Berenice ziko huko mpaka leo. Ptolemy mwanafalaki, aliyeorodhesha makundi 48 karne ya 2 baada ya Kristo, alikataa kuzihesabu kama kundi linalojitegemea. Msimchanganye na yule mwenye mke. Majina yalikuwa machache zamani.

Waholanzi nitawapita haraka. Mwishoni mwa karne ya 16 walisafiri kusini, wakaweka Tausi, Kinyonga, Nzi na Samaki Arukaye. Wanyama watupu. Hakuna aliyenufaika.

Anayenifurahisha ni Edmond Halley. Mwaka 1676, akiwa kijana wa miaka 20, aliacha masomo Oxford akaenda kisiwa cha Saint Helena kuzihesabu nyota ambazo Uingereza hazionekani. Huko juu alikuta merikebu ya kale, Argo, kiwanja kikubwa kuliko vyote, nacho hakina uzio. Akamega. Kwa nyota alizozikwapua akatengeneza Mwaloni wa Charles, kwa heshima ya mti ambamo Mfalme Charles wa Pili alijificha baada ya kupigwa vitani Worcester mwaka 1651. Oneni ufundi huo, vijana! Mfalme kakimbia, kapanda mti, na wewe unaugeuza mti kuwa utukufu. Halley alirudi nyumbani, na mwezi Desemba 1678 akapewa shahada ya uzamili kwa amri ya mfalme, bila mtihani. Mimi na yeye ndio tuliopita njia hiyo.

Baada yake mlango ukawa wazi. Hevelius wa Danzig akampa mfalme wa Poland, Jan Sobieski, ngao ya angani mwaka 1684. Bode wa Berlin mwaka 1787 alitaka mahali pa kuweka upanga, kalamu na taji za Mfalme Frederick, ambaye alikuwa marehemu tayari. Nafasi ilikuwa imekaliwa na mkono wa Andromeda, basi mkono ukahamishwa. Fidia? Hakuna. Chuo Kikuu cha Leipzig mwaka 1807 kiliamua nyota za mkanda na upanga wa Jabari, yule mwindaji, ziitwe Napoleon, na miaka sita baadaye Napoleon huyohuyo akachapwa nje ya Leipzig hiyohiyo. Ndiyo maana nasema uchawa unahitaji kuangalia hali ya hewa.

Ila kwa malipo hakuna aliyemfikia William Herschel. Mwaka 1781 alivumbua sayari nzima na kutaka iitwe Nyota ya George, kwa jina la Mfalme George wa Tatu. Mwaka uliofuata akawekewa pauni 200 kila mwaka. Nyie mnaiita Uranus, lakini pauni hakurudisha.

Sasa naja kwa mtu anayenikera. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, shemasi, alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751, akakaa pale Cape Town akirekodi nyota karibu 10,000 kwa kidarubini kidogo mno. Anga la kusini limejaa viwanja visivyo na mwenyewe. Mfalme wake, Louis wa 15, yuko hai, anapumua, hana hata nyota moja. Na huyu mtu anafanya nini? Anatundika pampu ya hewa! Kisha tanuri, saa, hadubini, darubini, dira, bikari, patasi. Makundi 14, na 13 kati yake ni vifaa vya kazi vya wanasayansi na mafundi! Mwenzangu alikwenda mbinguni akaandika orodha ya stoo. La 14 akalipa jina la mlima uliokuwa mbele ya macho yake, Mlima Meza, eti kwa kuwa Wingu Kubwa la Magellan linaanguka juu ya kundi hilo kama lile wingu linalofunika mlima wenyewe. Ndilo kundinyota pekee lenye jina la mahali palipo duniani. Mlima unaweza kukupa shahada? Tena akaukata Mwaloni wa Charles, akarudishia merikebu nyota zake, na merikebu yenyewe akaigawa vipande vitatu. Alikufa mwaka 1762 akiwa na miaka 49, baada ya kufanya kazi kupita kiasi. Nasema tu.

Hata wakulima wetu wana kasoro hiyohiyo. Kilimia kinawaonyesha wakati wa kulima tangu enzi za mababu, na ukimuuliza mkulima nani alikipa jina, hajui! Kazi bila sahihi.

Mwaka 1922, Roma, Umoja wa Kimataifa wa Falaki ulikaa kikao ukapitisha makundi 88, basi. Mbelgiji Eugène Delporte akayachorea mipaka, iliyochapishwa mwaka 1930, yote mistari ya wima na mlalo. Sisi huku Wazungu wa zama zile na rula zao tunawafahamu. Bomoabomoa ya kikao hicho ilitisha. Mwaloni wa Charles, hakuna. Heshima za Frederick, hakuna. Kinubi cha George, ambacho padri Maximilian Hell wa Vienna alikitundika mwaka 1789, hakuna. Ngao ya Sobieski ilipona kwa kukatwa jina la mwenyewe, ikabaki Ngao tupu. Na vile vikorokoro vya Lacaille? Vyote 14 vimo. Pampu imo! Nimelitafakari jambo hili usiku na mchana, na hitimisho langu la kisayansi ni kwamba kikao kile kilikuwa na njama.

Faraja iko kwa Niccolò Cacciatore, msaidizi katika kituo cha falaki cha Palermo. Katika orodha ya nyota iliyotoka huko mwaka 1814, nyota mbili za kundi la Pomboo zilikuwa na majina mageni, Sualocin na Rotanev. Wataalamu wakakuna vichwa. Yasomeni kutoka mwisho: Nicolaus Venator, ndilo jina lake kwa Kilatini. Mtu kajichawia mwenyewe! Na majina hayo yakaidhinishwa rasmi mwaka 2016. Langu pia nimejaribu kuligeuza, ila kwa heshima ya akina mama waliomo ukumbini sitalitamka.

Ndipo nikafikia uamuzi wa hekima. Kati ya kundi la Hydra na hiyo Pampu kuna kiwanja ambacho Mfaransa Lalande aliweka Paka mwaka 1799, kwa sababu alipenda paka. Paka alifukuzwa. Eneo liko wazi na huku kwetu linaonekana vizuri. Napendekeza kundinyota jipya, Kofia ya Mgeni Rasmi. Ningependekeza Nywele, lakini za Berenice zilitangulia, na za Mheshimiwa pia zimetangulia. Herschel alipata pauni 200, na yeye alilazimika kutafuta sayari kwanza. Mimi naomba posho ya mwezi tu, na gari lenye dirisha la juu kwa ajili ya utafiti. Cheti hiki hapa, kimeshapigwa mhuri, bado sahihi.

Mheshimiwa? Nani kamwona mgeni rasmi? Ametoka saa ngapi? Haidhuru, naibu wake nadhani yupo. Wewe ndugu wa mbele, ndiyo, wewe mwenye mkoba. Huwa unavaa kofia?