Utangulizi wa Uvungulojia: Wahusika wa Riwaya Wakipimwa kwa Gunia la Nkwenda

Wahakiki wetu wamewachambua wahusika wa fasihi ya Kiswahili kwa itikadi, kwa jinsia, hata kwa majina yao. Chumba cha kulala hawajakigusa. Kwa adabu, nadhani. Adabu hiyo imeitia taaluma hasara. Sebule hupangwa kwa ajili ya wageni, na hata chumbani, juu ya kitanda bado kuna unafiki: shuka la maua hutandikwa pale mama mkwe anapobisha hodi. Penye ukweli ni uvunguni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na uvungulojia ndiyo taaluma ya kwanza inayomdai profesa apige magoti.

Kila sayansi ina kipimo chake. Chetu ni chumba cha Nkwenda, wilayani Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Nyumba ni ya tofali za kuchoma na bati. Kitanda ni tano kwa sita, chandarua kimepigwa fundo mchana, na ukutani kuna kalenda ya Jimbo la Kayanga au ya Dayosisi ya Karagwe, ya mwaka juzi, haijatolewa kwa sababu picha yake ni nzuri. Msimu wa mavuno ukifika, magunia ya kahawa ya maganda huingia humohumo na kuegemezwa miguuni mwa kitanda, maana kahawa ikilala nje haiamki. Kwa hiyo tunampa kila mhusika chumba hiki na gunia moja, kisha tunamtazama.

Tuanze na Adili wa Shaaban Robert, katika *Adili na Nduguze* (1952). Huyu ni Mfungaji Mlango, spishi adimu. Mchana ni liwali mwema wa Janibu. Usiku anawachapa manyani wawili, ambao ni nduguze Hasidi na Mwivu, kwa amri ya jini Huria. Siri hiyo ilimhitaji mjumbe wa Mfalme Rai alale kwake ndipo ijulikane. Hapo ndipo kipimo chetu kinapofanya kazi. Nyumba nyingi za Nkwenda hazina dari: kuta za ndani zinaishia chini ya kenchi, na juu ni hewa moja kwa wote. Anayekohoa chumba cha watoto hupewa pole kutoka chumba cha baba. Fimbo ya kwanza ingesikika hadi jikoni, ya pili ingemwamsha jirani, na kabla ya wiki kwisha mwenyekiti wa kitongoji angekuwa mlangoni na wajumbe wake, akiuliza manyani hao wana kibali gani. Siri ya Adili, basi, haitokani na tabia yake. Inatokana na dari. Wahakiki walioandika kurasa na kurasa juu ya usiri wake walipaswa kumwita fundi seremala. Gunia lake, hata hivyo, angeligawa mafungu matatu sawa, mawili ya manyani.

Spishi ya pili, Mpita Njia, haitatuchelewesha. Willy Gamba wa Elvis Musiba hana chumba, ana gesti. Angetambua papo hapo kwamba ndala za chumbani ni mbili za kushoto na zimekatwa kona ili mgeni asiondoke nazo, angekagua uvungu akiwa na bastola, na gunia la kahawa karibu hivi na Uganda angelichukulia kuwa magendo. Pengine asingekosea.

Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, ni wa kitanda cha besera cha Unguja na majivu ya kiko. Uvungu wake ni mtupu kwa kanuni: anayeishi kwa kufichua vilivyofichwa hawezi kulala juu ya fumbo. Kahawa angeinusa tu, akamwambia mwenzake Najum imeanikwa kwenye jamvi la nani.

Rosa wa Euphrase Kezilahabi ndiye anayeisumbua nadharia. *Rosa Mistika* (1971) iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na waliopiga marufuku hawakujiuliza msichana huyu alikuwa akilala wapi. Nyumbani ana wadogo zake, shuleni ana bweni. Hana uvungu wa peke yake popote, ana tranka. Yeyote aliyepita bweni la wasichana Kyerwa analijua tranka hilo: la bati, limepakwa bluu, jina limeandikwa juu kwa rangi nyeupe na mkono uliotetemeka kwenye herufi ya mwisho, kufuli mbili. Ndani, sukari kwenye kopo, sabuni ya mche iliyokatwa nusu, karanga. Chini kabisa limetandikwa gazeti, na barua iko chini ya gazeti. Tunaliingiza tranka katika uainishaji kama uvungu wa kubebeka. Kumbuka kwamba kipigo cha Rosa kilianzia kwenye barua ya mvulana. Kwa macho ya kiuvungulojia, msiba mzima wa riwaya ile ni msiba wa binti aliyekosa kufuli mapema.

Myombekere wa Aniceti Kitereza namwacha. Mtu aliyekwenda kwa wakwe kumkomboa mkewe Bugonoka kwa pombe ya ndizi hana haja ya kupimwa na sisi. Katika nchi ya rubisi angepewa kiti.

Amebaki Zakaria, baba yake Rosa, mlevi. Jaribio la Gunia limeshindikana kwake, kwa sababu gunia halikufika. Aliiuza kahawa kwa butura, ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na fedha ikaishia kilabuni kabla punje haijawa nyekundu. Chumbani kwake hakuna gunia, hakuna tranka, na uvungu umefagiliwa na mkewe Regina mpaka unang'aa. Mtafiti mgeni, akiinama hapo na daftari lake, ataandika: mtu nadhifu, asiye na tamaa ya mali.