Mbigili, Mwenye Uwanja

Wageni waalikwa, msiulize ukumbi uko wapi. Hakuna ukumbi. Harusi ya Jumamosi itafanyika kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi hapa Nduguti, chini ya maturubai, kwa sababu baba wa bwana harusi amealika kila aliyekutana naye tangu alizeti ivunwe, na habari za kadi ya mtu mmoja hataki kuzisikia. Uwanja huo una mwenyewe. Anaitwa Mbigili. Mimi ni katibu wa kamati, nimetumwa niwape maelekezo, na kwa mila zetu mgeni hapiti uani kabla ya kumwamkia mwenye nyumba.

Kamati ilikaa vikao vinane. Tulibishana rangi ya vitenge hadi chai ikapoa. Mambo matatu yakatushinda: watu kuchelewa, bodaboda kuingia na abiria hadi meza ya maharusi, na hotuba za wazee. Mbigili hakuhudhuria kikao hata kimoja wala hakutoa mchango, na yote matatu kayamaliza.

Bodaboda kwanza. Kila tunda lake likikauka hupasuka vipande vinne au vitano, na kila kipande kina miba miwili mirefu. Kianguke kianguavyo, mwiba mmoja utatazama juu. Warumi walikuwa na silaha ya chuma ya namna hiyo, wakiimwaga njiani kuchoma kwato za farasi wa adui. Waliiita tribulus, na Linnaeus mwaka 1753 akaupa mmea huu jina hilohilo. Farasi hatuna, ila tairi zilizochoka tunazo tele. Shukeni getini.

Wachelewaji nao wana fungu lao. Vijana watafagia katikati ya uwanja tu, nguvu zao zinaishia hapo. Atakayefika saa kumi atakaa pembezoni, na pembezoni ndiko kwa Mbigili. Hotuba hazinipi wasiwasi hata kidogo: mzee aliyevaa ndala hamalizi dakika tano kabla hajaanza kubadilisha miguu.

Sasa viatu, maana hapa ndipo watu wa mjini wanapoumbuka. Mchuchumio utazama mchangani, na Mbigili atakupandia ubavuni. Ndala anaipenya kama sindano kwenye khanga. Raba ya soli nyembamba inampa kazi ya robo saa, basi. Kiatu anachokiheshimu ni katambuga, kile cha tairi kuukuu, na wachungaji wetu walilijua hilo kabla ya duka lolote la viatu. Mwenye aibu ya kuvaa katambuga na suti aje ajionee shemeji zetu Wataturu walivyopendeza.

Bibi harusi amekubali kukata mkia wa gauni. Kina mama watakaomtandikia khanga apite wazikung'ute kabla ya kujifunga tena. Msidharau neno hili.

Lakini sifa yake kubwa ipo kwenye muziki. Kwaito likipigwa, safu zikajipanga na kugeuka, kila baada ya muda mtu huruka pembeni, akasimama kwa mguu mmoja kuchomoa mwiba. Mguu mmoja hausimami peke yake. Lazima ushike bega la jirani. Mwaka jana, kwenye uwanja huuhuu, nilimwona mjomba mmoja ambaye hakuwa amemsalimu shemeji yake tangu ugomvi wa ng'ombe wa mahari. Alichomwa katikati ya wimbo. Mkono ukaenda kwenye bega lililokuwa karibu, na bega likawa la shemeji. Hakuliachia haraka, maana miba ilikuwa miwili. Shemeji akauliza, "Imetoka?" Yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa miaka mitatu. Wapatanishi walikwishakula mbuzi wawili kwa kesi hiyo bila mafanikio.

Wapo wasiomthamini. Mwaka 1961 Marekani iliagiza fukusi kutoka Italia waje kumla. Kamati yetu haina bajeti ya fukusi. Wapo pia wanaomthamini kupita kiasi: huko ng'ambo huuzwa kwenye vidonge vya nguvu za kiume, ingawa tafiti zilizopima homoni kwa wanaume hazikuona ikipanda. Bwana harusi asiutazame uwanja kwa matumaini.

Njia: mnaotoka Singida mjini, shikeni barabara ya Nzega hadi Iguguno, hapo mkate kulia. Mnaotoka Meatu mtavuka Daraja la Sibiti. Wazee mnaoitafuta Nduguti ndani ya Iramba, tangu mwaka 2012 tumemegwa. Sisi ni Mkalama, na makao makuu ya wilaya ni hapahapa. Mwiba ukichoma hadi damu, osheni kwa maji na sabuni, na asiyekumbuka chanjo yake ya pepopunda apitie zahanati. Kuku ni wa kienyeji, ugali wa mtama upo, na mlenda kwa wanaoujua.

Tunaanza saa nane mchana. Pini za kuchomolea ziko kwa mama anayegawa soda, ukimaliza, irudishe.