Shahidi wa Usiku

Mume wangu hakoromi. Hayo ni maneno yake, na ameyasema mbele ya mama yake, mbele ya mashemeji zangu, na mara moja mbele ya shehe, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Kila alipoyasema alikuwa macho. Hiyo ndiyo kasoro pekee ya ushahidi wake.

Sisi tunaishi Newala, juu kabisa ya uwanda wa Makonde, si mbali na ule ukingo uitwao Shimo la Mungu, ambapo ukisimama unaliona bonde la Ruvuma limelala chini yako na Msumbiji ng'ambo. Nina hakika kuna familia huko ng'ambo isiyoijua sura ya Baba Watoto, ila usiku wake inaujua vizuri.

Mkoromo huanza taratibu, kama mtu anayeburuta dumu ukumbini. Ukipanda, mabati hujibu. Hayo niliyazoea, mwanamke akiolewa huzoea mengi. Kisichozoeleka ni kile kinachofuata, yaani kimya. Ngoma imekolea, ghafla mpigaji anaacha. Kifua kinahangaika, tumbo linapanda na kushuka, lakini puani hakitoki wala hakiingii kitu. Hapo nahesabu. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa darasa la tano, kuhesabu si kazi. Nikifika ishirini nimeshakaa kitako na ngumi imeshakunjwa. Ndipo anapokurupuka kwa sauti ya dumu lililozamishwa kisimani likapata maji kwa mpigo, guluu! Anageukia ukutani, anaanza upya. Asubuhi ananitazama kwa huruma: "Mwalimu, mbona macho mekundu? Usiku ulale."

Nikaamua kukusanya ushahidi. Saa nane usiku nilimrekodi kwa simu, dakika kumi na mbili, nikamsikilizisha wakati wa chai. Alisikiliza kwa makini huku anatafuna muhogo.

"Hiyo mashine ya jirani ya kukoboa," akasema.

"Saa nane usiku?"

"Ana oda."

Nikahamia kwenye njia ya kistaarabu zaidi, ya kanga. Nilinunua doti yenye maneno *Mficha maradhi kifo humfichua*, nikajifunga, nikapita mbele yake mara saba jioni moja. Mara ya nane sikupita kwa sababu kanga haikuonekana. Niliikuta chumbani, kajifunika nayo, anakoroma chini ya methali.

Kisha nikasikia kwamba anayelala chali hukoroma zaidi, maana ulimi huangukia nyuma ukaziba njia. Hilo ni kweli, na wapo madaktari wanaowashauri watu walale ubavu. Nikashona mfuko mgongoni mwa fulana yake, nikaujaza korosho ghafi, ili akigeuka chali zimchome arudi ubavuni. Usiku wa kwanza dawa ilifanya kazi. Usiku wa tatu alilala chali juu ya korosho kama mfalme, akakoroma vilevile. Usiku wa nne mfuko ulikuwa mtupu: watoto walishazichoma wakazila.

Yote hayo yangebaki siri ya ndani kama si mnada wa korosho. Miaka ile barua za wanunuzi zilikuwa bado zinafunguliwa na kusomwa hadharani, wakulima wamekaa chini ya mti, wanaulizwa kama wameridhia bei. Baba Watoto alikaa mstari wa mbele, akaegemea gunia, akasinzia barua ya pili ikisomwa. Mwenyekiti akamaliza, akauliza kwa heshima zote: "Wakulima, bei hii mnasemaje?" Kila mtu akawa anamtazama mwenzake, nani aanze. Katika kimya hicho ukatoka mkoromo mmoja mrefu, mzito, wa kutoka moyoni.

Huku kwetu kukataa bei si jambo la mchezo. Oktoba 2018 wakulima walikataa bei mnadani, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kuzisomba. Kwa hiyo mkoromo ule ulipokelewa kama hoja. "Mzee kakataa!" mmoja akapaza sauti, wengine wakaitikia, mkutano ukavurugika. Mume wangu aliamka akakuta watu wanampa mkono. Aliupokea.

Wiki iliyofuata nilikwenda zahanati peke yangu. Tabibu kijana akauliza mgonjwa yuko wapi.

"Mgonjwa hajui kama anaumwa," nikamwambia. "Nimekuja mimi, shahidi."

Hakucheka. Aliniuliza kama pumzi hukatika. Nilipomweleza habari za kuhesabu hadi ishirini, aliweka kalamu chini. Akasema ugonjwa huo unaitwa apnia ya usingizi, na kwamba apnia ni neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa pumzi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine hulegea kupita kiasi, njia ya hewa ikajifunga kama mpira wa maji uliokunjwa: bomba linasukuma, ndoo haipati kitu. Hewa ikikatika kwa sekunde kumi au zaidi, hiyo ni apnia moja. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka, unamwamsha mwenyewe nusu nusu ili koo lifunguke, kisha analala tena bila kukumbuka lolote. Ndiyo maana anabisha kwa moyo safi. Usiku kucha anaamshwa, mchana anasinzia, na moyo unaosumbuliwa hivyo miaka nenda rudi huishia kwenye presha.

"Presha anayo?" akauliza.

"Anayo. Anasema inatokana na mimi."

Alinipa maswali ya kwenda kumuuliza. Mengine ni ya ndiyo au hapana: anakoroma kwa nguvu, anachoka mchana, kuna aliyeona pumzi ikikatika, ana presha, ni mnene, amepita miaka hamsini, shingo inazidi sentimita arobaini, ni mwanamume. Shingo ndiyo iliyonisumbua. Utaipimaje shingo ya mtu asiyetaka kupimwa? Nikampeleka kwa fundi cherehani, nikasema nataka kumshonea shati la sikukuu. Fundi akazungusha futi. "Arobaini na tatu," akasema, kisha akaongeza kwa utaalamu wake, "Shingo ya mtu mwenye heshima." Mume wangu alifurahi mno. Mimi nikatia alama ya nane kati ya nane.

Maswali mengine yalitungwa mwaka 1991 na daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia. Anakutajia hali nane, nawe unasema kila moja uwezekano wa kusinzia ni kiasi gani, kuanzia sifuri hadi tatu. Ukisoma umekaa, ukitazama televisheni, ukiwa mkutanini, ukiwa abiria kwa saa nzima, ukijilaza alasiri, ukizungumza na mtu, ukikaa kimya baada ya chakula cha mchana, ukiwa ndani ya gari lililosimama kwenye foleni. Jumla ikizidi kumi, una tatizo. Tulikwenda vizuri hadi foleni, kwa kuwa Newala foleni ya magari hatuna. Nikabadilisha: "Ukiwa kwenye foleni ya mzani wa korosho?"

"Pale nani halali?" akajibu. "Hata mzani unalala."

Alipata kumi na saba. Nilipomwonyesha, akasema darasani kwangu hiyo si ingekuwa alama nzuri?

Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Jioni moja ya Novemba alirudi kutoka shambani akisukuma pikipiki, kiwiko kimechubuka, majani ya mkorosho kichwani. Alisema amemkwepa mbuzi. Kijana aliyekuwa nyuma yake akanivuta pembeni: "Mama, mbuzi hakuwepo. Mzee alikwenda moja kwa moja kama aliyeitwa." Matawi ya mkorosho, ambayo tunayalaumu kila mwaka kwa kuinama hadi barabarani, ndiyo yaliyompokea.

Usiku ule nililia, nikamwita mama mkwe aje amseme mwanawe. Nilikosea shahidi. Mama mkwe, mwenye zaidi ya miaka sabini na asiyependa watu wa hospitali, alikaa mkekani akamtetea mwanawe kwa nguvu zote.

"Mwanangu, wanaume wa ukoo huu ndivyo walivyo. Baba yake huyu alikoroma miaka thelathini, nani alimpeleka hospitali? Hakusumbua mtu. Na alikufa vizuri tu, usingizini. Alilala akiwa mzima, asubuhi hakuamka."

Baba Watoto alikuwa anatafuna. Akaacha. Tukasikia panya darini.

"Mama," akasema taratibu, "baba alikuwa na miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

Umri wa Baba Watoto anaujua kila mtu. Alikuwa na hamsini na moja. Alinawa mikono, akatoka nje, akakaa kando ya kisima muda mrefu. Aliporudi aliuliza jambo moja tu: basi la Dar es Salaam linaondoka saa ngapi?

Linaondoka alfajiri. Masasi alikuwa bado anaongea. Ndanda alishalala. Hadi Lindi abiria wa kiti cha mbele walishahama. Tulipovuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, ambalo kabla ya kufunguliwa mwaka 2003 watu walikuwa wakilala foleni wakisubiri kivuko, kondakta alikuja kumwangalia akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, huyu mzee tunamfikisha?" Nikamwambia ndiyo maana tumepanda.

Nilidhani tukifika hospitali Dar es Salaam atalazwa akapimwe huko huko. Kumbe daktari wa koo alimpa kifaa kidogo akalale nacho: mkanda kifuani, kimrija puani, kibanio kidoleni cha kupima oksijeni. Tulilala kwa mdogo wangu Mbagala. Shemeji za mume wangu walichungulia mlangoni mmoja mmoja, kama watu wanaomwona maiti. Yeye alikaa kitandani na nyaya zake, akatangaza kwamba katika hali hiyo hakuna binadamu anayeweza kupata usingizi. Dakika ya nne akakoroma.

Majibu yalikuja kwa tarakimu, na hapo nikapata heshima niliyoikosa miaka yote. Pumzi ilikuwa ikisita mara 34 kwa saa. Mara tano hadi kumi na tano ni hali ndogo, kumi na tano hadi thelathini ni ya kati, kupita thelathini ni kali. Kwa saa saba za usingizi hiyo ni mara 238 kwa usiku mmoja. Nilifanya hesabu hiyo kwa sauti, mbele ya daktari, nikairudia. Mume wangu alitazama sakafu.

"Basi Mwalimu alikuwa anasema kweli," akasema, akimwambia daktari, si mimi.

Dawa yake si kidonge. Ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Daktari alieleza kwamba aliyeibuni ni Colin Sullivan wa Sydney, mwaka 1980, na mashine za mwanzo ziliendeshwa na mota ya kifyonza vumbi. Sijui kuna nini Australia. Naona wake zao nao hawalali. Baba Watoto hakuelewa kifyonza vumbi ni kitu gani, na sura yake ilianza kugoma, hadi daktari alipouliza shambani anafanya nini mikorosho ikipatwa na ubwiri unga.

"Napuliza salfa. Nabeba mashine mgongoni, napuliza mti kwa mti."

"Basi mkorosho sasa ni wewe."

Hiyo ikamwingia. Bei ya mashine aliihesabu kwa magunia, kama tunavyohesabu kila kitu huku. Alipofika gunia la nane alikaa kwenye benchi. Akauliza pia umeme ukikatika, naye anakatika? Akaambiwa usiku huo atarudi kwenye koo lake la zamani, alale ubavu, na pombe aache. Alipumua kwa huzuni.

Usiku wa kwanza nyumbani barakoa ilimtisha binti yetu mdogo. "Mama! Baba amevaa kinyago cha mapiko!" Hakukosea sana. Kwa mila ya zamani ya Wamakonde, wa upande huu na wa ng'ambo ya Ruvuma, kinyago kikitoka mwanamke hatakiwi kumjua aliye ndani. Hata kama ni kaka yake, hata kama visigino anavitambua, anakimbia kama aliyeona mzimu.

Alfajiri mama mkwe alikuja kuomba moto. Akasimama mlangoni, akamwona mwanawe na ule mrija, akajivutia kanga usoni kama alivyofundishwa utotoni. Mabati yalikuwa kimya. Ilisikika hewa tu, shhh, kama upepo kwenye mikorosho.

"Anapumua?" akauliza chini ya kanga.

"Anapumua, mama. Usiku kucha."

Akakaa kizingitini. Akasikiliza muda mrefu.

"Afadhali," akasema. "Maana nilikuwa nikimsikia kutoka kwangu. Akikatika, nami nakatika. Kama nilivyokuwa kwa baba yake."

Nilitaka kupiga kelele. Miaka yote natafuta shahidi wa pili, kumbe analala nyumba ya jirani! "Mama, mbona hukusema?"

Akafunua kanga jicho moja.

"Mwanangu, kwetu ukimjua aliye ndani ya kinyago, husemi."