Heko kwa TDS na Ukoo Wake

Penisilini, iliyogunduliwa 1928, imesifiwa mno, na chanjo zina wiki zake za maadhimisho. TDS hajawahi kuitwa jukwaani hata akapewa soda. Yeye ndiye anayeiambia dawa iingie mwilini mara ngapi, na usiku kucha anakesha kwenye mafaili ya wodini bila posho. Leo namwita mbele, yeye na nduguze BD, PRN, PUO na wengine ambao mwandiko wa daktari umewaharibu sura hata mama yao asingewatambua.

Mama wa wengi wao ni Kilatini. TDS ni ter die sumendum, ya kumezwa mara tatu kwa siku. BD ni mara mbili. PRN ni pale inapohitajika. Stat ni sasa hivi, kimbia. Dola ya Kirumi ilishaanguka, lakini amri zake bado zinatekelezwa na muuguzi wa zamu ya usiku Nachingwea. Ni heshima iliyoje kuharisha kwenu Lindi na kuandikiwa Flagyl kwa lugha ya Kaisari!

Wachochezi huuliza: kwa nini asiandike tu "kutwa mara tatu"? Hawaujui uchumi wa muda. Daktari mwenye foleni inayofika getini akiandika herufi tatu anaokoa sekunde kadhaa, na sekunde hizo hazipotei. Zinahamia dirishani kwa mfamasia, anayekigeuza cheti juu chini kisha anamwita mwenzake wasaidiane kubahatisha. Kutoka hapo zinahamia, zikiwa zimeshazaa, kwa bibi nyumbani, anayempelekea jirani kibahasha cha dawa kilichoandikwa 1x3 amsomee. Jirani alimaliza darasa la saba na hesabu alikuwa hodari: moja mara tatu ni sawa na tatu mara moja. Bibi anavimeza vidonge vyote vitatu kwa mkupuo, analala. Hesabu haina kosa.

Au tazama dawa mseto ya malaria. Mtu mzima humeza vidonge vinne kwa kila dozi. Dozi ya pili huja saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, mpaka vidonge 24 viishe siku ya tatu. Maelezo yote hayo yamebanwa ndani ya "ALu 4x2", yakaenea vizuri kabisa. Zile saa 8 tu ndizo zilizokosa nafasi.

Lakini mpenzi wangu ni PUO. Mgonjwa ana homa, vipimo vyote vimerudi havina kitu, na ndugu wamekaa benchi wanasubiri neno. Daktari akisema "sijui", watambeba mgonjwa wao jioni hiyo hiyo wampeleke kwa mganga. Akiandika PUO, amesema hilo hilo, homa isiyojulikana chanzo, ila sasa ni ugonjwa. Ndugu wanatikisa vichwa, na mmoja anapiga simu kijijini kuwaambia kimeonekana. Laiti wanasiasa wetu wangekuwa na herufi tatu kama hizi! (Nadhani wanazo, wanaziita tume.)

Wengine wana kipaji cha kufanya kazi nyingi kwa mshahara mmoja. OD ni mara moja kwa siku. Kwa daktari wa macho ni jicho la kulia. Kwenye chumba cha dharura ni mtu aliyezidisha dozi. OS ni jicho la kushoto, lakini kwenye dirisha la dawa huwekewa kijimstari katikati, O/S, ikawa na maana ya kwamba dawa imekwisha. Hiyo peke yake ndiyo mgonjwa anaisoma bila mkalimani.

Na usiri wao? Madaktari wakikizunguka kitanda husema "RVD" ili mgonjwa wa kitanda cha jirani asijue kwamba mwenzake ana virusi vya UKIMWI. Jirani anajua. Alijua tangu alipomwona mwenzake akiingia mlango wa kliniki wenye kibao cha CTC, herufi zilizobandikwa hapo kwa ajili ya kusitiri, ambazo kila mtoto wa mtaa huo anazijua kuliko herufi za chama chochote cha siasa. Mtaa wenyewe ulikuwa na kifupisho chake tangu zamani: fulani kakanyaga miwaya.

Ingekuwa dhuluma kusema wagonjwa hawakufaidika. Siku hizi mtu haumwi tena njia ya mkojo, ana UTI, na ikirudi mara ya pili ana UTI sugu. Maabara ilipoandika kwamba imeona vimelea viwili katika chembe nyeupe 200 za damu, mtu alitoka na ile mbili, mengine akayaacha mezani, akatangaza kwenye daladala kuwa ana malaria mbili. Abiria wa pembeni akamcheka: yeye wiki jana alikuwa nazo nane.

Wenye wivu hawakosekani. Mwaka 2004 shirika la Marekani linalokagua hospitali, Joint Commission, lilitoa orodha ya vifupisho visivyotakiwa kuandikwa. Kosa la U, kifupi cha uniti, ni kwamba ikiandikwa haraka hufanana na sifuri, hivyo insulini 10U husomeka 100. MS nayo yaweza kuwa mofini, yaweza kuwa magnesiamu salfeti. Hata sifuri ya nyuma ya nukta ilifukuzwa, kwa kuwa nukta ikififia miligramu 1.0 huwa 10. Watu wamekufa kwa ufupi huo, na hapa ulimi wangu wa sifa unaingiwa na uzito. Nawaachia mawakili waendelee.

Mimi nina ombi moja dogo kwa wizara. Katika hospitali nzima kila kitu kina herufi zake, kasoro jambo moja: kumweleza mgonjwa anaumwa nini na ameze vipi. Ndiyo maana halifanyiki. Lipewe kifupisho, tuseme KM, na kisanduku chake chini ya cheti. Kuanzia hapo litakuwa linawekewa tiki kila siku, kwa kila mgonjwa, bila kukosa.