Heko kwa Fomu ya MBA

Fomu ya kuomba kusoma MBA ng'ambo haina rafiki. Aliyefaulu huisahau siku barua ya kukubaliwa inapoingia, aliyekataliwa huitukana hadi uzeeni, na mzazi aliyelipia ada yake huitaja kwa sauti anayomtajia mkwe ambaye hajamaliza mahari. Nimeona niitetee. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nunguni, na kwa kuwa enzi zangu nilifundisha kuandika insha, vijana wa Kilungu huniletea maombi yao niyapitie kabla hayajaenda Boston, Oxford au Fontainebleau. Nimeyaona ambayo fomu hii huwatendea watu, na natamka bila haya kwamba tangu cheti cha ubatizo hakuna karatasi iliyotufaa hivi.

Kwa asiyepajua, Nunguni iko juu kwenye milima ya Kilungu, kaunti ya Makueni. Unaiacha barabara ya Mombasa pale Salama, unapanda kona kwa kona, na ukifika huku mwezi wa Julai utajua kwa nini wazee wetu hawavui koti hata kanisani. Wanaodhani Ukambani kote ni jua na vumbi huja na fulana wakarudi na mafua. Huku ni ukungu, kabeji, maparachichi, na miteremko iliyochongwa mitaro kutoka bondeni hadi kileleni. Hiyo mitaro ikumbukeni, nitaihitaji.

Fomu hufundisha biashara kabla mwanafunzi hajaliona darasa. Chukua mtihani wa GMAT, ambao ulianza kutolewa mwaka 1954 shule za biashara za Marekani zilipotaka njia moja ya kuwapima waombaji. Siku hizi ni maswali 64 kwa saa mbili na robo. Alama huanzia 205 hadi 805, na zote huishia na tano, kwa hiyo hata ufunge na kukesha ukiomba, 700 kamili huipati. Ada ni dola 275, kama shilingi 35,000, ambazo hapa kwetu ni magunia tisa au kumi ya mahindi, kutegemea msimu. Alama zikishatoka hudumu miaka 5, muda ambao miungano mingi ya kisiasa nchini haijawahi kuufikisha. Kisha kila chuo kina ada yake ya maombi. Ya Harvard ni dola 250. Mzee mmoja jirani yangu alipoelezwa na mwanawe kwamba pesa hizo hazirudi hata ukikosa nafasi, alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo wanakulipisha ili wakukatae?" Kijana akakubali. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Hao kweli wanajua biashara. Nenda ukasome kwao."

Harvard hao, walioianzisha shahada hii mwaka 1908, hufunga mlango saa sita mchana kwa saa za Boston. Kwenye awamu ya Januari, hiyo ni saa mbili usiku kwetu. Saiba tunakopata intaneti hufungwa saa moja, kwa sababu ya baridi na kwa sababu mwenyewe ana mke. Basi mwombaji analazimika kufanya mapatano ya kwanza ya kibiashara maishani mwake: anamshawishi mwenye saiba akae, kwa chai, mandazi na ahadi ya kukumbukwa siku za neema. Stima ikipotea saa moja na nusu, jenereta inaazimwa kwa kinyozi, naye kinyozi anakuja nayo kwa sababu haiachi ilale kwa watu. Mwenye duka la jirani anatoa petroli kwa deni. Kitufe kinapobonyezwa, nusu ya soko ina hisa katika maisha ya kijana huyo, na wote wamesimama nyuma ya kiti chake wakimwambia asiharakishe.

Fomu hii pia ndiyo iliyotufichulia kwamba sisi si watu tuliodhani. Inataka jina la kwanza na jina la ukoo, basi. Kitambulisho kina majina matatu. Cheti cha KCSE kina hayo hayo kwa mpangilio mwingine, cheti cha shahada kimemeza moja, na pasipoti imeongeza herufi ambayo hakuna aliyeiomba. Mtu mmoja anajikuta watatu. Inabidi ashuke hadi mjini Wote kwa wakili, akaapishwe kwamba hao watatu ni mmoja. Fundisho la Utatu, ambalo katekista wetu alihangaika nalo miaka nenda miaka rudi, hueleweka pale mezani kwa wakili, tena kwa risiti.

Lakini utukufu wa fomu uko kwenye insha. Stanford kwa miaka mingi imewauliza waombaji ni jambo gani lenye uzito kwao kuliko yote, na kwa nini. Kijana mmoja kutoka upande wa chini, kule kukavu, aliniletea jibu la neno moja: maji. Nikamwambia jibu ni sahihi kabisa, ila wenyewe wanataka maneno mia kadhaa. Akaenda nalo, akarudi ameyatia maji uongozi. Ni kawaida. Kila ukurasa wa fomu unaulizia uongozi. Uliongoza nani, uliongoza lini, na matokeo yakawa nini, kwa tarakimu?

Sasa turudi kwenye mitaro. Ilichimbwa kwa mwethya. Watu wa maboma kadhaa, wengi wao akina mama, hukutana leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule, wakachimba fanya juu: udongo unatupwa upande wa juu wa mtaro, unakuwa ukingo, na mvua haiondoki tena na shamba la mtu. Wakimaliza wanakula isyo, githeri yetu, na kwenda zao. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiandika Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa imeibeba Makueni ya leo, kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na ardhi ilikuwa imeshikiliwa vizuri kuliko zamani. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu kizima kuhusu ajabu hiyo mwaka 1994. Lakini waulize wazee wa hapa mitaro ya mteremko fulani iliongozwa na nani, nao watakutajia aliyepika.

Fomu haivumilii uzembe wa namna hiyo. Kazi ikifanyika lazima iwe na mwenyewe. Binti mmoja, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, alianza vizuri: katika rasimu ya kwanza walichimba mitaro kwenye shamba la mjane. Katika ya pili alikuwa ameshiriki. Katika ya tatu alikuwa ameratibu. Iliponifikia ya mwisho, alikuwa amebuni mkakati, amewahamasisha wadau wanawake na amepunguza upotevu wa udongo kwa asilimia 40, tarakimu iliyonishangaza kidogo, maana sijawahi kuona mtu akipima udongo wa Nunguni unapoondoka.

Mama yake ndiye aliyekuja kuichukua insha. Kiingereza anakisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mstari. Kilipofika kwenye mkakati, kidole kikasimama.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu siku hiyo alikuwa darasa la saba. Ndiye aliyetuletea uji."

Nikamweleza kwamba huko ng'ambo, kufikisha uji ungali moto kwa watu waliotapakaa mteremko mzima ni somo kamili lenye maprofesa wake. Akafikiri.

"Basi aandike uji," akasema. "Uji ulikuwa mzuri."

Hakuandika uji. Ni insha pekee ya MBA ambayo ningeisoma kwa hiari yangu, na haikuandikwa. Lakini nimekuja kusifu, kwa hiyo nasifu: kwa maneno 500 tu, fomu ilimpa binti yule shamba zima la watu wengine, na bado ikamwomba aeleze unyenyekevu wake.

Kuhusu swali la kushindwa, lile linalomtaka mwombaji asimulie wakati alipoanguka, sina mengi. Vijana wetu wote wameshindwa kwa sababu ya kufanya kazi kupita kiasi.

Barua za wadhamini, hizo ndizo zenye raha. Chuo hakikuulizi wewe, humwandikia bosi wako moja kwa moja: mlinganishe na wenzake, eleza ushauri mzito zaidi uliowahi kumpa na jinsi alivyoupokea. Bosi wa Kenya hatoi ushauri wa namna hiyo. Hutoa barua ya kukutaka ujieleze kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu. Kwa hiyo husema, "Andika wewe, nitapitisha." Mwombaji, ambaye ametumika miaka bila kusikia neno jema, anaketi usiku na kujisifu kwa mdomo wa mkubwa wake. Vyuo hukataza jambo hili waziwazi, na ndiyo maana hufanywa usiku. Nami nimeshuhudia maajabu yake. Kuna bosi aliyesoma yale aliyodaiwa kuyasema, akashangaa kwamba ana mfanyakazi hodari hivyo, na tangu siku hiyo humsalimia kijana kwa jina.

Mahojiano nayo siku hizi hufanyika kwa video, na hapo fomu huingia hadi sebuleni. Kijana mmoja alikuwa akihojiwa na chuo cha Uingereza. Shati na tai juu, blanketi chini, jogoo amefungiwa jikoni. Mama mtu akaingia na chai, akaona uso kwenye kompyuta, na kwa kuwa amelelewa, akavuta kiti akasalimia. "Mwaitu, niko kwa mahojiano," kijana akanong'ona, lakini mama alikuwa ameshafika kwenye habari za nyumbani. Akamwuliza mgeni kama kwao mvua imenyesha. Imenyesha sana. Akamwuliza kama amekula. Mhojaji akakiri kwamba bado. Mama akamgeukia mwanawe kwa ukali.

"Unamhoji mtu mwenye njaa?"

Kijana alipata nafasi. Sisemi ni kwa sababu ya mama, wenye chuo ndio wanaojua.

Waliokataliwa nao wasinune. Wapige hesabu. Karo peke yake Harvard ni zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka, na ni miaka miwili bila mshahara. INSEAD ya Fontainebleau, iliyoanzishwa 1957 na inayokumaliza kwa chini ya mwaka mmoja, inataka yapata euro 100,000. Anayekubaliwa hajaacha kuomba, amebadilisha tu anaowaomba: sasa ni kamati ya harambee, wafadhili na ubalozi. Stanford huwapa wachache kutoka Afrika ufadhili wa karo kila mwaka, kwa sharti kwamba warudi kufanya kazi barani kwa angalau miaka miwili. Wenye ufadhili wa Chevening wa Uingereza hutakiwa warudi nyumbani kwa miaka miwili. Maana yake ni kwamba hata mshindi atazipanda tena kona za Salama, ila yeye atazipanda akiwa na madeni ya tiketi. Aliyekataliwa amejifunza kujadiliana, kuapa, kujisifu kwa sauti ya bosi na kupiga hesabu za dola, kwa gharama isiyofika laki moja, na ng'ombe bado yuko zizini.

Kuna pia orodha ya kusubiri, ambayo naiona kuwa uvumbuzi wa kiutu sana. Hukukubaliwa, hukukataliwa. Kwa miezi kadhaa kijiji kizima kinauliza, "Ameenda?" na kujibiwa, "Bado." Kamati ya harambee haivunjwi, mwekahazina anaendelea kuwa mwekahazina, na mbuzi aliyetengwa kwa sherehe anaongeza umri. Sijui taasisi nyingine yoyote ya Marekani iliyowahi kumwongezea mbuzi wa Nunguni maisha.

Binti wa uji aliwekwa kwenye orodha hiyo, kisha akatolewa kwa barua ya adabu mno. Alilia siku mbili tatu, akarudi kazini. Sasa fomu zote za kikundi cha mama yake huzijaza yeye: za tangi la maji, za miche ya parachichi, za kila mradi unaotangazwa na kaunti. Hakuna afisa anayemtisha kwa fomu, kwa sababu ameshaona mama wa fomu zote. Tatizo ni moja tu. Penye nafasi ya jina la kiongozi huandika majina ya wanachama wote, kwa herufi ndogo, hadi yanapinda pembeni mwa karatasi. Zinarudishwa, naye anajaza nyingine vile vile.

Awamu ya Januari inakaribia. Wanaotaka niwapitie insha waje mchana, ukungu haujashuka, na walete karatasi zilizochapwa, simu sisomi. Malipo ni kabeji. Ile asilimia 40 ya udongo naona imeanza kuzunguka katika insha za Kilungu nzima, tafuteni nyingine.